Mshahara wa mtumishi wa umma ujadiliwe mezani, usisubiri Mei Mosi

Mei Mosi ya mwaka 2021 ilifanyika kitaifa hapa Mwanza, katika Uwanja wa CCM Kirumba, na ilikuwa ya kwanza kwa Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mkuu wa nchi. Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanzania (TUCTA) lilisoma risala, likaomba mishahara ipande baada ya miaka kadhaa ya kusubiri. Rais alijibu kwamba hali ya uchumi haikuruhusu mwaka huo, akaahidi kuja na jambo la maana mwaka unaofuata, na akapunguza kodi ya mshahara katika kiwango cha chini kutoka asilimia 9 hadi 8. Ahadi ilitimizwa: Mei 2022 ilitangazwa nyongeza ya asilimia 23.3 ya kima cha chini, na Mei Mosi ya 2025 mjini Singida ikatangazwa nyingine ya asilimia 35.1, kima cha chini kikatoka Sh370,000 na kufika Sh500,000. Wengi wanaona mfululizo huo ni ushahidi kwamba utaratibu wetu unafanya kazi: wafanyakazi wanaomba, Serikali inasikia, neema inashuka. Mimi naona humo ushahidi wa jambo jingine. Nchi inayopanga mshahara wa watumishi wake kwa tangazo la jukwaani, badala ya mkataba uliojadiliwa na kutiwa saini, inawanyima haki ambayo sheria zake zenyewe zimewapa, inajinyima uhakika wa bajeti, na inavidhoofisha vyama vya wafanyakazi mpaka kazi yao kubwa inabaki kuandaa risala.

Butimba inafaa kuwa mahali pa kuanzia. Ndani ya kata hii moja ya Nyamagana, kando ya ziwa, utakuta karibu kila aina ya mtumishi ambaye sheria zetu za kazi zinamgusa au zinamwacha nje. Kuna Chuo cha Ualimu Butimba, kinachofahamika nchi nzima kwa kuandaa walimu wa muziki, sanaa na michezo. Wakufunzi wake, sawa na walimu wa shule za jirani, wanaruhusiwa kuwa na chama, kujadiliana na hata kugoma, ili mradi wapite njia ndefu iliyowekwa. Kuna Hospitali ya Wilaya ya Nyamagana, ambayo wauguzi na matabibu wake wamo katika kile ambacho sheria inakiita huduma muhimu. Wanaruhusiwa kujiunga na chama, lakini mgomo kwao umefungwa na mgogoro wao unapaswa kwenda kwenye usuluhishi na uamuzi. Wamo katika kundi hilohilo mafundi wa chanzo kipya cha maji cha Butimba, chenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku kwa ajili ya jiji na maeneo ya jirani. Halafu kuna Gereza la Butimba. Askari magereza, pamoja na wanajeshi, polisi na Jeshi la Kujenga Taifa, wametolewa kabisa katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004. Hawana chama, hawana meza ya majadiliano, hawana mgomo. Watu hawa wote wananunua dagaa na sato katika soko moja, na bei haiwaulizi sheria inawaweka kundi gani. Linalowaunganisha ni kwamba mishahara yao yote huamuliwa mahali ambapo hakuna hata mmoja wao, wala mwakilishi wao, aliyekaa na kutia saini.

Ifahamike kwamba sheria ya majadiliano ipo. Mwaka 2003 Bunge lilipitisha Sheria Na. 19, mahususi kwa ajili ya majadiliano ya pamoja katika utumishi wa umma. Inaweka mabaraza ambamo upande wa Serikali na upande wa watumishi wanakaa kujadili mishahara na masharti ya kazi. Katika medani ya kimataifa, Tanganyika iliridhia Mkataba Na. 98 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu haki ya kujadiliana tangu mwaka 1962, na Tanzania ikaridhia Mkataba Na. 87 wa uhuru wa vyama mwaka 2000. Mkataba Na. 98 unawaweka kando watumishi wanaoendesha utawala wa dola tu. Mwalimu wa darasa la tatu na muuguzi wa wodi ya wazazi hawamo katika kundi hilo. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba majadiliano ya mishahara serikalini ni jambo geni au la kuomba. Tatizo ni kwamba njia imejengwa kwa namna ambayo upande mmoja hauna sababu ya kuja mezani. Katika sekta binafsi, usuluhishi ukishindikana, chama kinaweza kugoma baada ya notisi ya saa 48. Katika utumishi wa umma sheria ya 2003 inataka notisi ya siku 60. Katika siku 60 mwajiri ana muda wa kwenda mahakamani, kutoa waraka na kuhamisha viongozi wa matawi. Mwajiri anayejua kwamba hakuna gharama yoyote ya kukataa kujadili, hatajadili, hata kama ana nia njema, kwa sababu siku zote kuna jambo jingine la haraka zaidi.

Ili kuelewa tulifikaje hapa inabidi kurudi kwenye miaka ya mwanzo ya Uhuru. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa mhimili wa harakati. Rashidi Kawawa alitoka katika uongozi wa Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika (TFL) kabla ya kuwa Waziri Mkuu. Lakini mara tu bendera ilipopandishwa, swali likawa jipya: chama cha wafanyakazi kina nafasi gani pale ambapo mwajiri mkubwa ni Serikali ya wananchi wenyewe? Majibu yalikuja haraka. Mwaka 1962 zilitungwa sheria tatu zilizobana migomo, zikaweka vyama chini ya usimamizi wa karibu wa Serikali na kuwazuia watumishi wa ngazi za juu serikalini kuwa wanachama. Christopher Kasanga Tumbo, kiongozi machachari wa wafanyakazi wa reli, aliteuliwa mwaka huohuo kuwa Balozi London; akaiacha kazi hiyo, akarudi kupinga, na baadaye akawekwa kizuizini. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama walikamatwa, TFL ikavunjwa na ukaundwa umoja mmoja tu, NUTA, ambao Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Aliyeshika nafasi hiyo, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Mtu mmoja alikaa pande zote mbili za meza. NUTA ikawa JUWATA mwaka 1978, jumuiya ya chama tawala, na JUWATA ikawa OTTU mwaka 1991. Chama cha Walimu Tanzania (CWT) kilipoandikishwa Novemba 1993 kilikuwa miongoni mwa vyama vya kwanza kujaribu kusimama kwa miguu yake baada ya miongo mitatu.

Hoja ya Mwalimu Nyerere katika miaka ile haikuwa ya kipuuzi, na anayetaka kuijibu lazima aitaje kwa nguvu zake zote. Wenye mishahara walikuwa wachache katika nchi ya wakulima. Kila shilingi iliyoongezwa kwenye mshahara mjini ilitoka kwa mkulima wa pamba wa Usukumani ambaye hakuwa na mwajiri wa kumgomea. Umoja wa kitaifa ulikuwa mchanga, na mgomo wa reli au bandari ungeweza kuitikisa nchi. Lakini hoja hiyo ilikuwa na sharti lililojificha ndani yake: kwamba Serikali, baada ya kuwanyang'anya wafanyakazi silaha yao, ingewalinda yenyewe kwa haki kuliko ambavyo wangejilinda. Historia ya miaka iliyofuata haikulitimiza sharti hilo. Mfumuko wa bei wa miaka ya 1980 uliutafuna mshahara wa mwalimu mpaka akalazimika kuuza maandazi na kufundisha masomo ya ziada ili aishi, na hakukuwa na chama huru cha kusema kwa niaba yake. Aliyeumia mwishowe ni mtoto wa yuleyule mkulima wa pamba, aliyekaa darasani na mwalimu ambaye mawazo yake yalikuwa sokoni.

Mfumo wa vyama vingi ulipokuja, vyama vya wafanyakazi vilirudishiwa majina na mihuri, lakini mazoea ya zamani yalibaki kwa pande zote. Mwaka 2010 TUCTA ilitishia mgomo wa nchi nzima, ikidai kima cha chini cha Sh315,000. Rais Jakaya Kikwete aliwajibu Mei 3 akizungumza na wazee wa Dar es Salaam katika Ukumbi wa Diamond Jubilee: alisema Serikali haina uwezo huo na kwamba yuko tayari kuzikosa kura za wafanyakazi kuliko kuahidi kisichowezekana. Mgomo haukufanyika. Tuweke kando nani alikuwa sahihi kuhusu kiwango. Pengine Hazina kweli isingekibeba. La kuangalia ni mahali mjadala ulipofanyikia. Mwajiri mkuu wa nchi alijibu madai ya watumishi wake akiwa mbele ya wazee waliopiga makofi, si mbele ya wawakilishi wenye hesabu mkononi. Miaka miwili baadaye, Julai 30, 2012, walimu wa CWT walianza mgomo wakidai nyongeza ya asilimia 100 na posho kwa walimu wa sayansi, wa sanaa na walio katika mazingira magumu. Agosti 2 Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, ikauzuia kwa kuwa haukuwa halali kisheria. Walimu wakarudi darasani. Mgomo uliisha, mgogoro haukuisha. Madai ya malimbikizo, ya fedha za uhamisho na ya kupandishwa madaraja yaliendelea kusomwa katika risala mwaka baada ya mwaka.

Kuanzia 2016 ikaja hatua nyingine. Serikali ya Rais John Magufuli ilisimamisha nyongeza na upandishaji madaraja ili kuhakiki watumishi hewa na wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki ulikuwa na maana: Aprili 2017 ilitangazwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Lakini uhakiki uliisha na mishahara ikabaki palepale, kima cha chini kikiwa Sh300,000 hadi 2022. Mei Mosi ya 2019 mjini Mbeya Rais alieleza kwamba fedha zinakwenda kwenye reli, bwawa la umeme na miradi mingine mikubwa. Huo ulikuwa uamuzi wa kisera ambao Serikali yoyote inaweza kuutetea. Kilichokosekana ni nafasi ya wanaobeba gharama yake kuuliza: kwa miaka mingapi, kwa fidia gani, na nani mwingine anachangia? Nyongeza za mwaka zilirejea baada ya kutangazwa katika Mei Mosi ya 2023 mjini Morogoro, kwa njia ileile zilivyoondoka, yaani kwa neno la kiongozi.

Kikokotoo cha mafao kinaonyesha ubaya wa utaratibu huu waziwazi kuliko mshahara. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya sekta ya umma iliunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya zikapunguza malipo ya mkupuo hadi asilimia 25 kwa watu waliokuwa wamefanya kazi maisha yao yote wakitegemea asilimia 50. Kelele zilipozidi, Desemba 2018 Rais akazisimamisha alipokutana na viongozi wa vyama. Mwaka 2022 ikatangazwa asilimia 33, kwa maelezo kwamba Serikali, waajiri na TUCTA wamekubaliana. Watumishi wengi walisikia habari za makubaliano hayo redioni kama mtu mwingine yeyote. Mwaka 2024, katika hotuba ya bajeti, kiwango kikapandishwa hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakitegemea 50, na 35 kwa waliokuwa kwenye 25. Ndani ya miaka sita mtu anayekaribia kustaafu alibadilishiwa hesabu za uzee wake mara nne. Mtumishi wa namna hiyo hawezi kupanga hata nyumba ya vyumba viwili pale Nyegezi, kwa sababu hajui atakabidhiwa nini siku ya mwisho ya kazi.

Tutazame pia hati ya mshahara yenyewe, kwa sababu mjadala huu mara nyingi hufanywa na watu wasioisoma. Chukua mwalimu mwenye mshahara wa Sh800,000 aliyesoma kwa mkopo wa Serikali. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15, Sh120,000. PSSSF asilimia 5, Sh40,000. Bima ya afya asilimia 3, Sh24,000. Kodi ya mapato Sh68,000. Chama asilimia 2, Sh16,000. Kinachobaki ni Sh532,000 kabla ya nauli, kodi ya nyumba na mkopo wa benki ambao karibu kila mtumishi anao. Katika makato hayo matano, manne yamewekwa na Serikali. La tano, la chama, ndilo malipo ambayo mwalimu anatoa ili awe na mtu wa kumsemea kuhusu hayo mengine manne na kuhusu mshahara wenyewe. Mwaka mzima ni Sh192,000. Ni haki yake kuuliza zimenunua nini.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, na ni lenye uzito: kwamba vyama vyenyewe havistahili kupewa nguvu zaidi. Yanasemwa mengi, na mengi ni kweli. Mwalimu anakatwa asilimia 2 hata kama hajajaza fomu ya uanachama, kwa sababu sheria inaruhusu ada ya uwakala kwa chama chenye wanachama wengi. Anachokiona kwa macho ni fulana na kofia ya Mei Mosi. Januari 2023 Rais na Katibu Mkuu wa CWT waliteuliwa kuwa wakuu wa wilaya. Hawakushika nafasi hizo na uteuzi ukatenguliwa, lakini kitendo chenyewe cha kuwateua kilirudia cha mwaka 1962 na kuwaambia wanachama kwamba kiti cha kiongozi wa chama bado kinahesabiwa kuwa ngazi ya kwendea serikalini. Siyapingi malalamiko haya. Ninachopinga ni hitimisho. Chama kisicho na mkataba wa kuusimamia hakina kipimo cha kupimiwa. Kiongozi wake hawezi kuulizwa ameleta nini, kwa sababu hata nyongeza ikija ni ya mgeni rasmi, na isipokuja ni uchumi wa dunia. Mpe kazi halisi ya kujadili na kutia saini, mwekee sharti la kurudi kwa wanachama wapige kura kuukubali au kuukataa mkataba, na ndani ya mihula miwili wanachama watakuwa wamewafahamu viongozi wao kwa matendo. Udhaifu wa vyama kwa sehemu kubwa umezaliwa na kukosekana kwa majadiliano. Haufai kutumika kama sababu ya kuyakataa.

Pingamizi la pili ni la fedha. Mwajiri wa umma, wanasema, hatafuti faida. Anatumia kodi ya mvuvi wa Igombe na mama lishe wa Kirumba, na hao hawapo mezani. Hoja hii ina wazee wake duniani. Mwaka 1937 Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, rafiki mkubwa wa wafanyakazi wa viwandani, aliandika kwamba majadiliano ya pamoja hayawezi kuhamishiwa serikalini kama yalivyo. Mwaka 2011 jimbo la Wisconsin, lililokuwa la kwanza nchini humo kuwapa watumishi wa umma haki hiyo, liliwanyang'anya wengi wao karibu yote kwa sababu ya nakisi ya bajeti. Hapa kwetu hoja inapata uzito zaidi, kwa kuwa maelfu ya vijana waliohitimu ualimu wako mtaani, mpaka mwaka 2025 wakaunda umoja wao wa walimu wasio na ajira. Kila shilingi ya nyongeza, wataambiwa, ni nafasi ya ajira iliyopotea.

Lakini kujadiliana hakumaanishi kukubali kila kinachodaiwa. Kunamaanisha kuweka hesabu mezani: makusanyo ni haya, deni ni hili, ajira mpya tunazotaka ni hizi, nyongeza inayobebeka ni hii. Chama kinachoziona hesabu hizo kinaweza kukubali nyongeza ndogo ili vijana elfu kadhaa waajiriwe, na kinaweza kulitetea jambo hilo mbele ya wanachama. Chama kisichoonyeshwa chochote kitadai asilimia 100, kwa kuwa hakina sababu ya kudai pungufu. Tena Serikali haikatai mikataba inapowahusu wengine. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 na kutuondolea foleni ya kivuko, lilijengwa kwa mkataba. Mkandarasi wa Serikali akicheleweshewa malipo hudai riba, na riba hiyo hulipwa kwa kodi ya mvuvi yuleyule. Hakuna aliyewahi kusema kwamba bei ya nondo na saruji ya Serikali itatangazwa uwanjani kadiri hali itakavyoruhusu. Mwalimu anayedai fedha za uhamisho kwa miaka mitatu halipwi riba. Hakuna kanuni ya uchumi inayoeleza kwa nini saruji iheshimiwe kwa mkataba na kazi ya mtu isiheshimiwe.

Pingamizi la tatu ni la huduma: watoto watakosa masomo, wagonjwa watakufa. Hofu hii ina msingi, na mwaka 2012 uliionyesha. Mgomo wa madaktari ulioanza Januari uliacha wagonjwa bila tiba Muhimbili na katika hospitali nyingine, na ulifika pabaya zaidi Juni pale kiongozi wao, Dk. Stephen Ulimboka, alipotekwa, akapigwa vibaya na kutelekezwa katika msitu wa Mabwepande. Lakini walioitisha mgomo ule walikuwa jumuiya isiyosajiliwa, iliyozuka nje ya mfumo, kwa sababu madaktari hawakuona ndani ya mfumo mahali pa kupeleka madai yao yakajibiwa. Kufunga mlango wa mgomo bila kufungua mlango wa uamuzi hakuondoi mgomo. Kunauhamishia gizani, ambako hakuna notisi, hakuna msuluhishi, na hakuna wa kuwajibika. Mtu anayezuiwa kugoma kwa ajili ya uhai wa wengine anapaswa kupewa chombo huru chenye uamuzi unaoifunga Serikali pia, ndani ya muda uliowekwa. Muuguzi wa Nyamagana na fundi wa maji wa Butimba wanastahili chombo hicho kabla ya mtu mwingine yeyote. Askari magereza, ambaye hata chama hana, anastahili angalau bodi huru ya kupitia maslahi yake na kuchapisha mapendekezo yake.

Wapo watakaonionyesha Kenya na kuuliza kama hayo ndiyo ninayoyataka. Naitaja mwenyewe, kwa kuwa ina funzo lake. Mwaka 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, Serikali ya Rais Daniel arap Moi ilikubali kuwapa walimu nyongeza kubwa sana baada ya mgomo. Uchaguzi ulipopita ikashindwa kuitekeleza, na mgogoro huo ukaendelea kwa miaka. Mwaka 2013 Serikali ilitia saini mkataba na madaktari, ikauacha kabatini. Desemba 2016 ukaanza mgomo wa siku 100, na viongozi wa chama wakafungwa jela kwa muda kabla haujaisha. Kilicholeta maafa ni kutoheshimu mikataba, wala si kuwa nayo. Funzo la pili liko Afrika Kusini, ambako Serikali ilikataa kulipa mwaka wa tatu wa makubaliano ya 2018 na Mahakama ya Katiba, Februari 2022, ikakubaliana nayo kwa sababu makubaliano yalifungwa bila idhini ya fedha inayotakiwa. Somo ni rahisi: Hazina iwepo chumbani tangu siku ya kwanza, na asitie saini asiye na mamlaka ya kulipa.

Linabaki pingamizi la nne, ambalo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba jukwaa limetupa asilimia 35.1, na meza ingetupa nini zaidi? Ningejibu kwa asilimia 23.3 ya mwaka 2022. Wengi walioisikia waliamini ni nyongeza ya kila mmoja wao. Mishahara ya Julai ilipotoka, waliokuwa juu ya kima cha chini wakakuta ongezeko dogo mno, na Serikali ikalazimika kueleza kwamba asilimia hiyo ilikuwa ya kima cha chini pekee. Hakuna aliyedanganya, lakini kungekuwa na mkataba wenye jedwali la kila daraja, uliosomwa na kupigiwa kura matawini, hakuna mwalimu ambaye angekwenda benki na matumaini yasiyo yake. Jukwaa linatoa pale linapoweza na linakaa kimya miaka sita pale lisipotaka. Nyongeza kubwa zaidi ya miaka ya karibuni ilitangazwa katika mwaka wa uchaguzi mkuu. Sisemi hilo ndilo lililoisababisha. Nasema mshahara wa muuguzi haupaswi kuacha nafasi ya swali hilo kuulizwa.

Yanayohitajika hayahitaji Katiba mpya. Mabaraza ya Sheria Na. 19 yapewe kalenda inayofuata bajeti: majadiliano yaanze Julai na kufungwa Oktoba, kabla mwongozo wa bajeti haujapelekwa bungeni Novemba, kwa kuwa Mei Mosi makadirio ya wizara huwa tayari yanajadiliwa na nafasi ya kubadilisha ni finyu. Mikataba iwe ya miaka mitatu, ichapishwe yote, na iwe na kifungu cha kuifungua upya uchumi ukiporomoka kweli. Notisi ya siku 60 ishushwe kwa wasio katika huduma muhimu, na uamuzi wa lazima wenye ukomo wa muda uwekwe kwa walio humo. Kiongozi wa chama asiteuliwe katika wadhifa wa kisiasa mpaka ipite miaka miwili tangu aondoke madarakani. Vyama navyo vitangaze kila mwaka, tawi kwa tawi, asilimia 2 imetumikaje, na visitie saini jambo lolote la mshahara au mafao bila kura ya wanachama.

Serikali haina haraka ya kufanya haya, na vyama vilivyozoea risala havina pia. Haraka lazima itoke kwa anayekatwa. Uchaguzi wa matawi ukifika, mwalimu wa Butimba na muuguzi wa Nyamagana wasimchague mtu yeyote kabla hajawajibu hadharani swali moja: ni lini utatuletea mkataba tuupigie kura? Asiye na jibu asipate kura. Vyama vikibadilika kutoka chini kwa namna hiyo, Serikali itakuta mbele yake watu wa kujadiliana nao kwa hoja, na mgeni rasmi wa Mei Mosi atakuwa na kazi nyepesi na ya heshima zaidi: kuwapongeza wafanyakazi kwa mkataba ambao tayari wanaujua kifungu kwa kifungu.